Mikate ya Ombasha

Baba yangu alioka mikate Shinyanga, karibu na stesheni, na mji mzima ulimwita Mzee wa Mikate ingawa wakati huo hakuwa mzee. Alikuwa mtu wa Tabora, kizazi cha Wamanyema, Mwislamu asiyekosa swala, mrefu, mkimya, na alitembea kama mtu anayehesabiwa hatua. Vitani alikuwa upande wa Mjerumani. Hilo halikuwa siri. Mji wetu ulikuwa na wanaume wengi waliopigana upande huu au ule, na wengine pande zote mbili kwa zamu. Lakini baba akiulizwa alifanya nini huko, alikuwa na jibu moja tu.

"Nilikuwa jikoni. Niliwaokea wazungu mikate. Bunduki mimi sikuijua."

Tuliamini, kwa sababu mikate tuliiona. Tanuri alilijenga mwenyewe nyuma ya nyumba kwa udongo wa kichuguu. Aliukanyaga udongo ule siku tatu mfululizo, akautia majivu, akaufinyanga, kisha akawasha moto ndani yake kidogo kidogo mpaka kuta zikawa ukizigonga zinalia kama chungu kilichoiva. Kabla ya reli kufika alichanganya ngano kidogo na mtama mwingi, ufundi alioupata vitani wakati ngano ilipowaishia. Reli ilipofika, magunia ya unga mweupe yakaanza kushuka stesheni, na baba akawa mtu mbele za watu. Mikate yake ilikwenda bomani, kwa makarani wa reli, kwa Wahindi wa maduka ya pamba na ngozi. Siku ya mnada wa ng'ombe watu wa vijijini walinunua mkate mmoja mmoja, wakaufunga kwenye nguo, wakaupeleka nyumbani kama dawa ya mgonjwa.

Mama ndiye aliyekanda. Alikuwa Msukuma wa Samuye. Ukitoka mjini alfajiri unafika kwao jua likiwa utosini. Alisilimu alipoolewa, akajifunza Kiswahili ukubwani, na herufi ya r haikumkubali mpaka anakufa. Alisema "habali" na "balabala," na baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alikuwa akimwuliza makusudi ni kitu gani kile kinachopiga kelele stesheni, ili tu amsikie akijibu, "Si gali la leli?" Hapo baba aligeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika. Mimi, binti yao wa kwanza, ndiye mtoto aliyebaki. Wawili walionifuata hawakumaliza mwaka.

Mama alikuwa na kaka mmoja tu, na kaka huyo alichukuliwa. Mwaka ule Wajerumani walipoondoka Mwanza kurudi nyuma kuelekea Tabora, askari wao walipita Samuye asubuhi, watu wakiwa uwanjani wanapura mtama. Walichagua vijana sita wenye shingo nene, wakawafunga kamba moja, wakawatwika mizigo. Hakurudi hata mmoja. Mama alikuwa binti mdogo. Alikumbuka kwamba kaka yake aliondoka bado ana makapi ya mtama kwenye nywele.

Bibi yangu hakukubali kwamba mwanawe amekufa. Kila msafiri aliyepita Samuye aliulizwa, awe mchuuzi wa chumvi au mfuga ng'ombe: hukumwona huko kijana mwenye kovu la moto shavuni? Wengine walisema uongo kwa huruma, kwamba walimwona Kilosa, au pwani, ana mke na watoto. Bibi aliwachinjia kuku.

Huyo bibi alimpenda baba kuliko alivyompenda mama. Hakumwita mkwe; alimwita mwanangu. Na baba alimstahili. Kila wiki alimpelekea mikate. Kila kiangazi alikwenda kuezeka upya nyumba yake, peke yake, akikataa vibarua. Alimlimia. Wanawake wa Samuye walimwambia bibi, Mungu alikunyang'anya mmoja akakurudishia mwingine, na bibi alikuwa akijibu, "Nami nasema hivyo hivyo."

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili wakati mambo yalipobadilika. Nzige walikuwa wamepita, mvua zilikuwa mbovu, pamba haikuwa na bei, na watu walikuwa wakipita mjini kwetu makundi kwa makundi wakielekea Geita kwenye dhahabu. Mmoja wao alisimama kwetu baada ya swala ya adhuhuri. Alikuwa mtu wa makamo, mguu mmoja unaburura. Alichukua mkate kutoka kwangu, akaanza kuula palepale, kisha akamwona baba akitoka nyuma ya nyumba na sinia la mikate kichwani.

"Shikamoo, Ombasha," alisema.

Ombasha kilikuwa cheo katika jeshi la Mjerumani, cha askari anayewaamuru wenzake. Mpishi hapewi cheo hicho. Nilikuwa mtoto, lakini hata mimi nilijua.

"Umenifananisha," baba alisema.

"Sikukufananisha. Nilitembea nyuma ya mgongo wako miaka miwili. Mgongo huo siwezi kuukosea."

Hakuwa na hasira. Alisema kwa heshima, kama mtu anayemsalimu tajiri wake wa zamani. Mama alikuwa ametoka, mikono imejaa unga. Akamwuliza kwa Kisukuma yeye ni mtu wa wapi. Wa Tinde, alisema. Alichukuliwa siku ile ile waliyochukuliwa vijana wa Samuye, yeye akafungwa kwenye kamba yao.

"Alikuwepo mwenye kovu la moto hapa?" Mama alijigusa shavu, unga ukabaki usoni.

"Huyo alikuwa nyuma yangu. Tulimwacha huko mbele ya Mahenge. Tumbo la damu lilimshika. Siku tatu alitembea hivyo hivyo na mzigo, siku ya nne akakaa chini katikati ya njia, mvua inanyesha. Ombasha akaja, akamtazama. Akamvua blanketi, akampa mwingine aliyekuwa anatetemeka. Akasema, anayekufa hahitaji blanketi. Tukaenda zetu." Akamgeukia baba, kama anayetaka asahihishwe akikosea. "Si ndivyo, Ombasha?"

Baba alikuwa akimtazama mama. Sinia lilikuwa bado kichwani.

"Alikuwa amekwisha kufa?" mama aliuliza.

"Alikuwa anatuangalia."

Kisha yule mtu akaona uso wa mama, akamwuliza kwani marehemu alikuwa nani wake. Alipoambiwa, aliuweka chini mkate aliokuwa amebakiza, akaokota fimbo yake, akaondoka bila kuaga. Sikumwona tena maishani.

Alasiri ile wazazi wangu walikaa ukumbini, mimi nikiwa mlangoni, wala hawakunifukuza.

"Ulijua?" mama alisema.

"Ilikuwa vita. Nilikuwa na watu arobaini na blanketi kumi na moja. Mvua ya kule siyo mvua ya huku. Nisingempa yule mwingine, wangekufa wawili."

"Sikukuuliza habari za blanketi. Nakuuliza, ulipokuja kwetu kunioa, ulijua?"

"Nilijua kijiji," alisema. "Nyumba sikuijua."

Mama akainuka, akaenda kunawa unga.

Kesho yake tulikwenda Samuye, mama na mimi. Bibi tulimkuta anakata viazi vya kuanika michembe. Alitupokea kwa furaha, akatazama nyuma yetu akauliza, "Mwanangu hakuja?" Mama akakaa chini akamweleza yote, kuanzia kamba mpaka blanketi. Bibi aliendelea kukata viazi. Alivikata vyote vilivyokuwa kwenye kikapu, vikaisha, kisu kikabaki mkononi.

"Mvua ilikuwa kubwa?" aliuliza.

"Ndivyo alivyosema, mayu," mama alijibu; mayu kwa Kisukuma ni mama.

"Na alikuwa anaangalia."

"Ndiyo."

Mama akamwambia anataka kurudi nyumbani, harudi tena mjini. Nilimwona bibi akitazama nyumba yake, paa lile ambalo baba aliliezeka miezi miwili iliyopita, nyasi bado zina rangi ya dhahabu.

"Utarudi kula nini hapa?" alisema. "Ghala umeliona. Una mtoto. Rudi kwa mumeo."

"Yule siyo mume."

"Ni yupi basi? Nina mwingine wa kukupa?" Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mikate asinitumie tena. Nimekula mingi."

Tulirudi. Bibi hakuufikia msimu wa pili. Hakuwa na ugonjwa wowote ambao mtu aliweza kuutaja. Aliacha tu kutoka nje, kisha akaacha kuinuka. Baba alikwenda mazikoni Samuye, akasimama mbali, nyuma ya zizi, wala hakuna mwanamume aliyempa jembe achimbe. Alisimama pale mpaka watu wakatawanyika. Nilimletea maji, akanywa kama mgeni, akanirudishia kibuyu kwa mikono miwili.

Tangu siku ya yule mtu wa Tinde mama hakusema na baba neno. Alipika, akafua, akatandika kitanda. Hakuna haki ya mume aliyoipunguza ambayo jirani angeweza kuiona. Lakini maneno yao yote yalipita kwangu. Mwambie baba yako maji yako uani. Mwambie mama yako unga umekwisha. Walikuwa wamekaa hatua tatu mmoja kutoka kwa mwenzake, nami katikati nikirudia sentensi ambazo kila mmoja alikuwa ameshazisikia. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nikazoea, na kuzoea kule ndiko ninakojuta. Niliacha hata kutamani waseme.

Mama aliacha kukanda pia. Alisema mikono imechoka. Nikakanda mimi, nikiwa bado sina nguvu, na mikate ikawa inatoka imekaza. Habari zilikuwa zimezagaa vijijini. Hakuna aliyekuja kutupigia kelele wala kututupia jiwe. Siku ya mnada watu walipita mbele ya benchi letu wakitusalimu vizuri kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," wakaenda kununua maandazi kwa mwanamke mwingine upande wa pili wa barabara. Bomani waliendelea kununua mwaka mmoja hivi, mpaka Mgoa mmoja alipofungua tanuri la matofali lenye mlango wa chuma. Mikate yake ilikuwa laini kuliko yetu. Sina la kumlaumu.

Nilipofika miaka kumi na mitano baba alisema tuhamie Geita. Wazungu wa migodi wanataka mikate, alisema, na kule hakuna anayemjua mtu. Aliniambia mimi, ili nimwambie mama, naye mama alikuwa pale pale anachambua mchele.

"Mwambie mimi siendi," mama alisema. Baadaye, tulipokuwa wawili, aliongeza, "Wewe nenda ukamkandie. Nisije nikaulizwa mbele ya Mungu kwamba nilimwachia afe na njaa."

Tulikwenda kwa lori, kupitia Kahama na Ushirombo. Kutoka hapo mpaka Katoro, na Katoro yenyewe, palikuwa pori na vijumba vichache tu. Geita nilipoiona mara ya kwanza niliona vilima vyekundu vilivyochunwa kama ng'ombe, na mashine za kuponda mawe zikipiga tangu asubuhi mpaka magharibi, hata unaposema na mtu unajikuta unamsogelea sikio. Tulijenga kibanda cha nyasi nyuma ya kambi ya vibarua. Baba akatafuta kichuguu, akakanyaga udongo kama zamani. Lakini udongo wa kule ulikuwa na mchanga mwingi, na yeye hakuwa na subira ya kuuacha uive. Kila mvua iliponyesha tanuri lilipata ufa mpya, akauziba, likapasuka pembeni yake.

Tuliuza, lakini mikate ilitoka nusu mbichi, nusu imeungua. Mpishi wa wazungu alikuja mara chache akaacha kuja. Vibarua walinunua kwa sababu ya njaa. Wapo waliokuwa Wasukuma wa kwetu, na kila mtu wa makamo aliposimama mbele ya benchi nilimwona baba akiingia ndani ya kibanda na kukaa mpaka mtu huyo aondoke. Siku moja nilimwuliza ataingia ndani mpaka lini.

"Mpaka wote wafe," alisema, "au mimi."

Masika ya pili kichomi kilimshika. Alilala kwenye kitanda cha fito, anakohoa, ubavu unamkata, na kila alichokula kilirudi. Dresa, mhudumu wa dawa wa kambi, alikuja akampa dawa ya maji, akaniambia nimtazame tu. Siku ya tano, mchana, mvua ikinyesha, akaniita nikae karibu.

"Kuna neno la kumpelekea mama yako," alisema.

Nilidhani ni habari ya vyombo vyetu, au ya kumwomba radhi. Nilikaa.

"Mwambie nyumba niliijua."

Sikuelewa haraka. Akakohoa, akapumzika, akaendelea. Vita vilipokwisha, alisema, aliwauliza wapagazi waliobaki, wakamwelekeza: Samuye, nyumba iliyo mwisho karibu na mkwaju. Alikwenda ili aseme. Alijipanga njia nzima jinsi atakavyosema. Alipofika, bibi alimpa kigoda, akampa maji, na kabla hajafungua mdomo akamwuliza: mwanangu, hukumwona huko kijana mwenye kovu la moto?

"Nikasema sikumwona," baba alisema. "Nikishasema hivyo, ningesema nini tena? Nikaondoka. Nikarudi mara ya pili, nia ile ile, akanipikia. Mara ya tatu nikamposa mama yako."

"Kwa nini, baba?"

"Sijui. Nilidhani nikiwa mtu wa mle ndani, siku moja nitasema." Akanitazama. "Mwambie. Nisizikwe na uongo mwingine."

"Nitamwambia," nilisema.

Alifariki siku ya pili yake kabla ya alasiri. Watu saba walimswalia, Wamanyema wawili, Mwarabu mwenye duka, na Wasumbwa wanne waliokuwa hawajui hata jina lake. Walimchimbia kaburi upande wa mteremko ambao bado ulikuwa haujatafutwa dhahabu. Mwarabu alitoa merikani ya sanda.

Nilirudi Shinyanga peke yangu. Siku mbili juu ya lori nililishika lile neno kichwani, nikaligeuza hivi na hivi. Miaka mitatu nilikuwa nimebeba maneno kati ya watu wale wawili, na hakuna hata moja nililolipunguza. Nilipofika nilimkuta mama uani anaanua nguo. Aliniona niko peke yangu, akaelewa, akaendelea kukunja.

"Alizikwa?" aliuliza.

"Amezikwa, mama. Kwa sanda, wakamswalia."

"Walikuwa wangapi?"

"Saba."

"Saba wanatosha," alisema. "Wengine hawapati hata mmoja."

Akakunja shuka nzima, akaiweka juu ya nyingine, akazisawazisha pembe. Kisha, bila kunitazama, "Hakuacha neno?"

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini nilimwona alivyokonda, nikafikiri, kwamba mume wake alimwacha kaka yake njiani ameshalipokea. Kwamba alikula na kulala na kuzaa miaka yote ile na mtu aliyeingia nyumbani mwao akijua, hilo litamwua. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Leo sina hakika kama nilimhurumia yeye. Huenda nilikuwa nimechoka tu kubeba, na nikaona hili la mwisho naweza kulitua bila mtu kujua.

"Hakuacha," nilisema.

Mama aliitikia kwa kichwa. Nikaona kwamba alikuwa akilingoja. Sijui alingoja neno gani, labda lolote. Mabega yalimshuka, akabeba nguo akaingia ndani.

Akakaa eda. Hakuna aliyemlazimisha, kwao Samuye walimwambia aache upuuzi, arudi nyumbani. Alikaa miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila wanja, bila manukato, hatoki mlangoni, kwa ajili ya mtu ambaye hakumsemesha miaka mitatu ya mwisho waliyokaa pamoja. Majirani walisema ni mwanamke mwema. Nilimletea chakula na maji, nikakaa naye kimya, kila siku nikisema kesho nitamwambia. Mara nyingi nilitaka kumwuliza eda ile ilikuwa ya Mungu, au ya watu, au ya baba. Nilijua nikimwuliza atanijibu, na akishanijibu naye ataniuliza. Kwa hiyo sikumwuliza. Tuliishi pamoja miaka mingine mingi, yeye na mimi, hata nilipoolewa nilimchukua kwangu, na tulizungumza kila kitu: bei ya kitambaa, watoto, mvua, wafu wengine wote.